Saa ya baba mkubwa isipelekwe kwenye mizani

Swali: Shikamoo fundi. Naandika kutoka Isevya, hapa hapa Tabora. Baba mkubwa alifariki mwaka jana. Alikuwa dereva wa familia moja huko Geneva kwa miaka mingi, na alipostaafu mwaka 1991 tajiri wake alimpa saa ya mkono ya dhahabu. Imeandikwa Patek Philippe, Genève. Ndani ya uso mkubwa kuna nyuso ndogo tatu, na mmoja una picha ya mwezi na nyota. Ilisimama tangu alipolazwa. Mdogo wangu aliona video ya mtu anazungusha kile kitufe cha kutia ufunguo na tarehe zote zinakwenda, akajaribu. Mishale ilisogea lakini tarehe hazikufuata. Sasa anataka kutumia sindano kwenye vitobo vya ubavuni. Sonara mmoja mjini ameahidi kuinunua gramu kwa gramu kwa bei ya dhahabu, anasema tuharakishe bei ikiwa bado iko juu. Mama mkubwa anauliza kama ing'arishwe kwanza. Ndani ya boksi kuna karatasi ya Kifaransa iliyoliwa na mende pembeni, na kalamu ndogo isiyo na wino. Je, ni saa ya kweli? Tuiuze? Na kwa nini watu wanasema ni ya kalenda ya kudumu wakati kalenda yenyewe imesimama?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Kabla sijaeleza lolote, kamwambie mdogo wako aiweke sindano pembeni. Saa isiguswe popote kwa sasa, si ubavuni, si nyuma, si kwenye kitufe. Sonara mwambieni mtamrudia, na msimwachie saa hata usiku mmoja. Ile karatasi ya Kifaransa itiwe kwenye bahasha leo hii, maana ndani ya boksi hilo hakuna kingine kinachoifuata saa kwa thamani.

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ukishaelewa saa hii inafanya nini, habari ya sindano na ya sonara itakuwa nyepesi kuielewa.

Saa ya kawaida yenye tarehe huhesabu mpaka 31, kisha hurudi 1. Haijui kwamba Aprili ina siku 30, wala haijui Februari ni kitu gani. Mwenye saa ndiye anayeirekebisha, mara tano kwa mwaka. Iko aina ya kati, inaitwa kalenda ya mwaka, ambayo Patek Philippe, kampuni ya saa ya Geneva, waliitoa mwaka 1996: hiyo inatofautisha miezi ya siku 30 na ya 31, ila Februari inaishinda. Kalenda ya kudumu inajua yote. Ikiwa inatembea bila kusimama, tarehe 28 Februari 2027 usiku itaruka yenyewe kwenda 1 Machi, na mwaka 2028, ambao ni mwaka mrefu, itaonyesha 29 kwanza ndipo ivuke. Haina betri wala kompyuta, ni meno na springi tu.

Wengi huuliza meno yanajuaje. Mimi ningetamani kila mtu apate kuona hapo ndani walau mara moja. Chini ya uso wa saa kuna kisahani cha chuma, kidogo kuliko shilingi, kinachozunguka polepole mno: mzunguko mmoja kwa miaka minne. Ukingo wake umechongwa hatua 48, moja kwa kila mwezi wa miaka hiyo minne. Panapowakilisha mwezi wa siku 31, ukingo haujakatwa. Panapowakilisha mwezi wa siku 30 kuna pengo la kina kifupi. Kwenye Februari pengo ni refu zaidi, isipokuwa Februari moja kati ya nne, ambayo pengo lake ni fupi kidogo kuliko la wenzake watatu. Hiyo ndiyo ya mwaka mrefu. Ukiyahesabu utapata sehemu 28 ambazo hazijakatwa, mapengo mafupi 16, na Februari nne. Jumlisha siku zake zote unapata 1,461, ambazo ndizo siku za miaka minne kamili. Mafundi wengine hutumia kisahani cha hatua 12 na kuweka juu yake kigurudumu kidogo cha Februari, lakini hesabu ni ile ile.

Sasa kuna mkono mmoja wa chuma, mrefu na mwembamba, ambao kila usiku husukumwa na gurudumu linalozunguka mara moja kwa saa 24. Ncha moja ya mkono huo hulala juu ya kile kisahani na kupapasa ukingo wake. Ncha nyingine husukuma gurudumu la tarehe. Mwezi ukiwa wa siku 31, mkono husukuma jino moja tu kila usiku. Mwisho wa mwezi wa siku 30, kwa kuwa ncha ya kwanza imezama kwenye pengo, mkono wote unakuwa umerudi nyuma zaidi, hivyo unaporudi mbele unasukuma meno mawili: 30 inapita 31 na kuingia 1. Mwisho wa Februari umezama sana, unasukuma manne. Yaani siku za mwezi zimeandikwa kwa kina cha pengo, na mkono unazisoma kwa kupapasa. Thomas Mudge wa London alikwishatengeneza saa ya mfukoni yenye kalenda ya namna hii miaka ya 1760, na wanaoziunda leo bado wanatumia wazo hilo.

Kwa hiyo "kudumu" inahusu hesabu, haihusu mwendo. Springi ikiisha nguvu, mkono hausukumwi, na kalenda inasimama siku ile ile iliyokuwapo. Saa ya baba mkubwa inaonyesha siku ambayo springi yake iliishia. Hilo si kosa la saa.

Nikwambie pia kikomo cha hesabu yake. Kalenda tunayotumia, aliyoipitisha Papa Gregori wa 13 mwaka 1582, inasema mwaka unaogawanyika kwa 100 hauwi mrefu isipokuwa ugawanyike pia kwa 400. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu. Mwaka 2100 hautakuwa. Saa hii haina habari hiyo, inahesabu nne nne tu, kwa hiyo siku ya kwanza ya Machi mwaka 2100 itaonyesha 29 Februari, na atakayekuwa nayo itabidi aisukume siku moja. Huyo huenda akawa mjukuu wa mdogo wako, iwapo tutaiokoa na sindano.

Vitobo alivyoviona ubavuni si vitobo vya uchafu wala vya kufungulia. Ni vitufe vidogo vilivyodidimia, kila kimoja na kazi yake: kimoja cha tarehe, kingine cha siku ya juma, kingine cha mwezi, kingine cha ule mwezi wa angani. Na ile kalamu isiyo na wino, mwanangu, ndiyo chombo chake. Haijawahi kuwa na wino. Ilitengenezwa kwa ajili ya kubonyezea vitufe hivyo bila kukwaruza dhahabu. Sindano ya kushonea itateleza, na mkwaruzo wake kwenye ubavu wa kasha hautoki mpaka dhahabu yenyewe ipunguzwe. Irudisheni ndani ya boksi na ikae humo. Mnunuzi makini ataiulizia.

Lakini hata kwa kalamu yenyewe, kuna wakati ambao kubonyeza ni kuvunja. Nimekueleza ule mkono unaosukuma tarehe usiku. Kwenye saa nyingi za aina hii huanza kujiandaa yapata saa tatu usiku, na huachia kabisa kwenye saa tisa za usiku. Katika muda huo ncha yake imeshaingia kati ya meno. Ukibonyeza kitufe wakati huo, unalazimisha gurudumu kwenda upande mmoja huku limeshikwa na mkono upande mwingine. Mkono hupinda au jino hukatika. Kipuri hicho hakipo Kariakoo, hakipo Nairobi, lazima kitoke kwa waliotengeneza saa, na huja pamoja na bili ya kufungua kalenda yote. Kitakachowachanganya ni kwamba mishale mikubwa peke yake haikuambii kama saa ilisimamia mchana au usiku. Mshale mfupi ukiwa kwenye 10 unaweza kuwa saa nne asubuhi, salama, au saa nne usiku, hatari. Mdogo wako ameshasogeza mishale bila kujua iko upande gani. Ndiyo maana nimesema isiguswe.

Ile video haikumdanganya, ila ilikuwa ya saa nyingine. Mwaka 1985 kampuni ya IWC ilitoa saa yake iitwayo Da Vinci, ambayo fundi wao Kurt Klaus aliiundia kalenda inayosogezwa yote kwa kitufe kimoja cha kutia ufunguo: ukisogeza tarehe, siku, mwezi, mwaka, vyote vinafuatana. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Saa za Patek za kipindi hicho haziendi hivyo. Kila kitu kina kitufe chake, na mpangilio wa kubonyeza umeandikwa kwenye kijitabu cha saa husika.

Tuje kwa sonara. Hapa naomba uniruhusu nirefushe maneno, kwa sababu ndipo familia nyingi zinapopoteza.

Saa ya dhahabu ya Uswisi ya daraja hili huwa ya karati 18, yaani katika sehemu 1,000 za kasha, 750 ni dhahabu na zilizobaki ni fedha na shaba. Tuseme kasha, ukiondoa mashine na kioo, lina gramu 30. Dhahabu safi ndani yake ni gramu 22 na nusu. Hiyo ndiyo atakayokulipa sonara, tena akishatoa gharama yake ya kuyeyusha. Mashine ataiweka pembeni kama chuma chakavu, maana kwenye mizani yake haina bei. Simlaumu, ndiyo biashara yake na huenda hesabu yake ya dhahabu ni ya haki kabisa. Ila anapima kitu ambacho si kile mnachokiuza.

Sisi watu wa Tabora tuna mfano wetu wa jambo hili. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na bahari imefungwa na Waingereza, waligonga sarafu za dhahabu hapa mjini, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ni ile sarafu ya rupia 15, yenye tembo na mlima nyuma yake, na herufi T ya Tabora. Ina gramu 7 na kidogo, na usafi wake ni 750 kwa 1,000, karati 18 hizo hizo za saa ya baba mkubwa. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia mjini. Leo mtu akiipata moja na kuipeleka kwa sonara, atalipwa gramu tano na kitu za dhahabu safi. Akiipeleka kwa wakusanyaji wa sarafu, watamlipa mara kadhaa ya hapo, kwa sababu wao wanataka tembo yule, mwaka ule, na herufi ile. Na wapo walioziyeyusha wakafanya pete.

Kwenye saa tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Patek Philippe walianza kutoa saa yao iitwayo namba 1518 mwaka 1941, ya mkono, yenye kalenda ya kudumu pamoja na kipima muda, na zilitengenezwa 281 tu. Karibu zote ni za dhahabu. Zinazojulikana za chuma cha pua ni nne. Mwaka 2016, mwezi Novemba, moja ya hizo za chuma iliuzwa kwenye mnada Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 11 za Uswisi. Wenzake wa dhahabu hawajafika huko. Ungepima kwa mizani, ya chuma isingefika hata bei ya sufuria. Walionunua walilipia mashine, uchache wake, na hali yake ya kutoguswa.

Ya kwenu haitafika huko, nisikudanganye. Maelezo yako yananielekeza kwenye ile iitwayo namba 3940, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1985 mpaka 2007. Tazama uso wake kwa macho tu: kushoto pawe na siku za juma pamoja na mzunguko wa saa 24, kulia pawe na miezi pamoja na mshale mdogo wa kuonyesha mwaka wa ngapi kati ya minne, chini pawe na tarehe na ule mwezi. Upana wa kasha ni milimita 36, na saa ni nyembamba kuliko unavyotarajia kwa mambo yote inayofanya. Ikiwa upande wa kulia, juu na chini ya kitufe cha kutia ufunguo, kuna vitufe viwili vilivyochomoza vya kubonyeza kwa kidole, basi si hiyo, ni ndugu yake mwenye kipima muda, namba 3970, na bei yake ni nyingine, ya juu zaidi. Ya kwanza, kama ni ya kweli na ni nzima, huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Gramu 22 na nusu za dhahabu haziko karibu na hapo, hata bei ipande vipi.

Nasema "kama ni ya kweli" kwa sababu hakuna fundi mwaminifu atakayekuthibitishia kwa maelezo ya simu. Feki zipo nyingi, na nyingine zimetengenezwa kwa ustadi. Zile za hovyo unazigundua haraka: mshale wa sekunde unadunda mara moja kila sekunde kama wa saa ya ukutani, ama nyuso ndogo zimechorwa tu na mishale yake haina kazi. Za ustadi zinahitaji kufunguliwa. Usiogope neno hilo, lakini afungue mwenye vifaa. Ndani ya kifuniko na juu ya mashine kuna namba mbili, ya mashine na ya kasha, na hizo ndizo kitambulisho cha saa. Kwenye kasha tafuta pia mihuri midogo, kwa lenzi, chini ya masikio ya mkanda: Uswisi iligonga kichwa cha mwanamke, Helvetia, kwenye dhahabu ya karati 18 mpaka mwaka 1995, na kuanzia Agosti mwaka huo ikahamia kwenye kichwa cha mbwa. Saa ya mwaka 1991 inatakiwa iwe na yule mwanamke. Ukimkuta mbwa, kuna swali la kujibiwa.

Sonara asiichune kwenye jiwe lake na asiitie tindikali. Ukitaka uhakika wa dhahabu, kwenye masoko ya madini kuna mashine ya mionzi inayosoma bila kukwaruza, ingawa inasoma ngozi ya juu tu, na saa iliyopakwa dhahabu nene inaweza kuipita. Mimi nisingehangaika nayo. Thibitisho lenu kubwa ni ile karatasi.

Hiyo karatasi iliyoliwa na mende, kwa jinsi unavyoieleza, inaelekea kuwa cheti cha asili cha saa. Huwa na namba ya mashine, namba ya kasha, na mara nyingi mhuri wa duka na tarehe ya kuuzwa. Pembeni palipoliwa si kitu ikiwa namba zinasomeka. Msiitie gundi, msiibandike selotepu, msiipeleke kwa wa kupaka plastiki. Bahasha kavu inatosha. Tena msiweke picha ya namba hizo kwenye makundi ya WhatsApp, maana wanaotengeneza feki hutafuta namba za kweli za kuchonga kwenye saa zao. Namba zikishajulikana, mnaweza kuandika kwa Patek Philippe wenyewe kuomba dondoo ya kumbukumbu zao. Kwa malipo, watawaandikia saa yenye namba hizo ilitengenezwa mwaka gani na kuuzwa lini. Namba za karatasi zikilingana na za ndani ya saa, na zikalingana na daftari lao, mna ushahidi ambao fundi wa mtaani hawezi kuwapa.

Mama mkubwa mpe salamu zangu, na umwambie isisuguliwe. Najua ni heshima kwa marehemu kutaka kitu chake king'ae, na ningemuunga mkono ingekuwa ni sahani ya shaba. Kung'arisha saa ni kuondoa dhahabu. Kingo za masikio zinazotoka kiwandani zikiwa kali huwa za mviringo, mihuri hufifia, na mnunuzi anayejua huanza kutazama hapo. Mikwaruzo ya miaka aliyoivaa baba mkubwa akiendesha gari haipunguzi thamani kama inavyopunguza brashi ya sonara. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Hata mtakapoipeleka kufanyiwa huduma, mtamke wazi na muandike: isipigwe polishi, uso wake usibadilishwe.

Hiyo huduma haifanyiki kwenye meza za mafundi wa Tabora, na mimi ni mmoja wao. Saa ya kawaida niletee leo. Mashine hii ina vipande zaidi ya 200, vingine vyembamba kuliko unywele, na mafuta yake yameshakauka. Patek Philippe wana ahadi ya kuhudumia saa yoyote waliyoitengeneza tangu walipoanza mwaka 1839, kwa hiyo mlango upo. Ila kama mnaamua kuuza, msitumie fedha ya huduma kwanza. Uzeni ikiwa imesimama. Wanunuzi wakubwa wanapenda kuipeleka wenyewe.

Muuze au msiuze, hilo ni la ukoo, silisemei. Nitasema tu namna ya kuuza bila kupoteza. Kwanza mirathi. Saa hii ni mali ya marehemu, na anayeiuza lazima awe na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Nyumba za minada zitauliza mmeipataje, na "alipewa na tajiri wake" bila karatasi yoyote huleta mashaka hata ikiwa ni kweli tupu. Tafuteni barua ya kazi ya baba mkubwa, picha akiwa ameivaa, barua au kadi kutoka kwa familia ile ya Geneva. Picha moja ya harusi yenye mkono wake umeonekana vizuri inaweza kufunga mjadala. Halafu nyumba kama Christie's, Sotheby's na Phillips hutoa makadirio kwa picha kabla saa haijaondoka nyumbani. Andikeni kwa zaidi ya moja, mlinganishe, na muulize makato yao mapema. Minada yao ya saa huko Geneva huwa mwezi Mei na Novemba. Mtu atakayeisafirisha aitangaze forodhani na awe na nakala za karatasi zote. Asiivae mkononi akadhani ndiyo njia rahisi, ataweza kunyang'anywa huko mbele akakosa pa kulalamikia.

Wakati mnaendelea kuamua, iwekwe pakavu. Kiangazi vumbi letu ni adui, lakini masika ni mbaya zaidi, kwa sababu mkanda wa ngozi hushika ukungu na ukungu hufika kwenye uso. Mkanda na uvuliwe uwekwe peke yake, ila afanye hivyo mtu mwenye kifaa, si kwa kisu. Isikae juu ya redio wala karibu na spika, kwani sumaku inaharibu mwendo wa springi ndogo ya ndani. Na isiwekwe kwenye kabati ambalo kila mgeni wa msiba anajua linapofunguliwa.

Uliugusia ule mwezi na nyota, na nisingependa kuupita. Mwezi wa angani huchukua siku 29 na nusu na dakika kama 44. Saa za bei ya chini hutumia gurudumu la meno 59 na kuziacha zile dakika, hivyo hukosea siku moja kila baada ya miaka miwili na miezi kama saba. Za daraja hili zina gurudumu la meno 135, na kosa lake ni siku moja kwa miaka 122. Hata hivyo msiutumie kufungia wala kufungulia Ramadhani. Unaonyesha wastani wa safari ya mwezi, hauonyeshi kama mwandamo umeonekana. Kisha umechorwa na watu wa kaskazini: hilali yao imesimama wima, wakati ya kwetu Tabora, kwa vile tuko karibu na ikweta, hulala chali kama mtumbwi. Baba mkubwa bila shaka aliliona hilo alipokuwa akirudi likizo.

Fanya hivi wiki hii. Piga picha uso wa saa kwa mwanga wa dirishani bila flashi, kisha ubavu wote wa kulia na wa kushoto, nyuma yake, na masikio ya mkanda kwa karibu. Karatasi ipigwe mbele na nyuma, maana mhuri wa duka na tarehe vinaweza kuwa upande ambao hamjaugeuza. Nitumie mimi peke yangu. Nikiona vitufe vya ubavuni na mpangilio wa zile nyuso tatu, nitakuambia ni 3940 au ni ndugu yake, na barua ya Geneva tutaiandika pamoja kwa Kifaransa.